Barua kwa mwanangu: sindano ya mwezi huu

Mayu,

Dada yako kanipigia jana usiku. Anasema hujachoma sindano yako ya penisilini, ile ya kulinda moyo, tangu mwezi wa nane. Nilitoka nje nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa mpaka baridi ya ziwa ikaniingia. Miezi miwili, mayu. Ni kweli hujachoma?

Utaniambia unajisikia mzima. Hapo ndipo ninapoogopa. Ile karatasi aliyotuchorea daktari wa Bugando bado ninayo, iko kwenye Biblia ya bibi yako. Ule mlango wa moyo alioupaka wino ndio wenye kovu. Sindano haifuti kovu, inazuia lisiongezeke lingine. Dawa yenyewe inakaa mwilini wiki tatu hadi nne tu, baada ya hapo koo lako halina mlinzi. Na huko bwenini mnalala sita chumba kimoja, akikohoa mmoja mmekohoa wote. Mafindofindo yakirudi, mwili unainuka kupigana na vijidudu, na katika kupigana unaushambulia moyo wako mwenyewe, kwa sababu unaufananisha na vile vijidudu. Kovu linapanda juu ya kovu, mwisho mlango haufunguki vizuri wala haufungi. Wapo waliopasuliwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wakapona, namshukuru Mungu kwa ajili yao. Ila mwenye kuwekewa mlango wa chuma anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande kila siku ya maisha yake. Sitaki ufike huko.

Najua inauma. Ile dawa ni nzito, nyeupe kama maziwa, na nilikuona ulivyokuwa unakalia upande mmoja kwenye daladala mpaka tunafika nyumbani. Basi choma Ijumaa jioni, Jumamosi ulale. Mwaloni wote hapa wanajua binti yangu yuko Chuo Kikuu cha Dodoma, nimewaambia hata wasioniuliza. Sasa msomi wa hesabu anashindwaje kuhesabu siku 28?

Mdogo wako naye aliumwa koo wiki iliyopita. Jirani akaanza, hicho ni kimeo, kuna bibi anakata vizuri. Hakumaliza kusema, mtoto nilishampakia bodaboda tukaenda zahanati, akaandikiwa penisilini ya siku kumi na nikahakikisha kamaliza zote. Wewe ulikuwa na miaka tisa, na hela ya kukatia kimeo ilitoka mfukoni mwangu. Mama yako hajawahi kunisema kwa hilo.

Ukienda kung'oa jino, mwambie daktari kwanza kwamba una tatizo la moyo. Na kuna jambo ambalo angekwambia mama yako, lakini yeye ananisukumia mimi: siku ukitaka kuzaa, nenda kwanza kwa daktari wa moyo, kabla ya mimba. Damu huongezeka mwilini wakati wa ujauzito, na mlango uliobana unaelemewa. Huyo kijana, kama yupo, na yeye ajue.

Hapa nyumbani bati la jikoni limeng'olewa na upepo, nimelirudishia kwa mawe hadi nipate misumari. Mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja dhaifu, mama yako anamlaza karibu na jiko. Dagaa sasa hawapatikani, mbalamwezi ni kali na taa hazivuti kitu. Giza likirudi wiki ijayo nitakutumia debe moja kwa basi, wale wa kwenye vichanja, si wa mchangani. Gawia na wenzako wa chumbani.

Mzigo utafika Ijumaa. Kabla ya kwenda stendi, pita Hospitali ya Benjamin Mkapa, iko hapo hapo chuoni kwenu, uombe wakupangie kliniki ya moyo. Kisha piga picha ya kadi unitumie. Nataka kuona tarehe ya sindano.

Baba yako