Mageuzi ya viumbe si mageuzi ya jamii

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu iliyolinganisha mabadiliko ya viumbe na ya jamii, ikaiita jamii fulani "iliyochelewa kubadilika". Neno "mageuzi" limewaponza: tunalitumia kwa siasa, na papo hapo kwa spishi, yaani aina za viumbe.

Chukua tembo wa hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji. Wakati wa vita vya 1977 hadi 1992 walipungua kwa zaidi ya asilimia 90, wengi wakiuawa kwa ajili ya pembe. Hakuna tembo aliyeamua kuacha kuota pembe. Majike waliozaliwa bila pembe hawakuwa na kitu cha kuwindiwa. Wakaishi, wakazaa, wakarithisha hali hiyo, na takriban theluthi moja ya majike waliozaliwa baada ya vita hawana pembe. Jamii haiendi hivyo. Bibi asiyejua kusoma hufundishwa na mjukuu wake, ilhali sifa za damu hazirudi kamwe kutoka kwa mjukuu kwenda kwa bibi. Kwa hiyo kuiita jamii fulani "iliyochelewa kubadilika", kana kwamba ni spishi, ni kosa (tena lenye historia chafu ya ubaguzi).

Napendekeza gazeti liandike "mageuzi ya kibayolojia" panapohusika viumbe, na makala za aina hii zipitiwe na mwalimu wa sayansi kabla ya kuchapwa.

Msomaji wenu