Kwa Nini Nyumba Tuliyoisafisha Hainuki Dawa

Wiki iliyopita mama mmoja alitupigia simu, hata saa moja haijapita tangu tutoke kwake. "Nimelipa pesa yote ile, na nyumba hainuki hata dawa. Mmepitisha maji tu?" Si wa kwanza. Simu za namna hii zimekuwa nyingi, na zinatuuma, maana siku hiyo tulisugua sakafu yake kwa magoti.

Ile harufu ya malimau au maua ni marashi yaliyotiwa kwenye dawa. Haiondoi mafuta wala haiui vijidudu. Mtoto anayetambaa anavuta hewa ya chini kabisa ya chumba, anashika sakafu, kisha vidole vinaingia mdomoni. Chochote tunachokiacha pale chini atakila. Ndiyo maana tunatumia sabuni isiyo na manukato, kidogo, na tunaisuuza.

Kusuuza ndiko watu wanakokuruka. Familia moja ilituita ikilalamika kwamba sakafu yao inachafuka siku ileile inayopigwa deki. Walikuwa wanamimina sabuni bila kipimo, na kila ilipochafuka wanaongeza. Tulipitisha maji matupu ya vuguvugu, hata tone la sabuni hatujatia, na ndoo ikajaa povu. Tulibadilisha maji mara nne. Sabuni isiyosuuzwa huacha utando unaonata, nao hushika vumbi la kila mguu unaopita. Siku ile tulichokuwa tunaondoa ni sabuni yao wenyewe, na walilipa kwa kazi hiyo.

Kisha kuna siki na bekingi soda, ambazo kila mtu siku hizi anazichanganya. Siki ni asidi, bekingi soda ni alkali. Zikikutana zinauana nguvu. Povu lile ni kaboni dioksaidi inayotoka, na unachobaki nacho ni maji yenye chumvichumvi. Tumia kimoja kimoja. Siki inaondoa ukoko wa chokaa kwenye bomba na birika, ila isiguse jiwe la marumaru, maana inalila na kulifubaza. Bekingi soda inafaa kusugulia sinki na kufyonza harufu.

Kesi ambayo sitaisahau ni ya godoro la mtoto aliyekojoa usiku. Baba yake, kwa nia njema kabisa, alimwaga siki, akanyunyiza bekingi soda, harufu ilipogoma akamalizia kwa klorini ya kufulia nguo nyeupe. Tulipofika chumba kilikuwa kinachoma macho. Klorini ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu. Ikikutana na amonia iliyomo kwenye mkojo hutoa sumu nyingine inayokereketa mapafu. Tulimtoa mtoto kwanza, tukafungua madirisha, tukasubiri nje. Godoro halikupona: kitambaa kilikuwa kimebabuka rangi, na maji yameshazama hadi katikati ya sponji.

Angetuita asubuhi ile, tungekandamiza taulo kavu hadi lisitoe unyevu, tukapaka dawa ya vimeng'enya, yaani chembe zinazovunjavunja uchafu wa mkojo, tukaiacha ikae ifanye kazi yake, kisha tukakausha kwa upepo. Maji ya moto hayaguswi hapo. Hata kwa maziwa, damu na matapishi ni hivyo hivyo: yana protini, na joto huipika, doa likashikamana na uzi.

Sisi si maadui wa klorini. Mtoto akiwa anaharisha au kutapika, tunaitumia, kwa sababu siki haiwezi kutegemewa kuua virusi vya tumbo. Lakini sabuni hutangulia, maana uchafu huimaliza nguvu klorini. Kisha tunaizimua kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, tunaiacha dakika zilizoandikwa, ndipo tunasuuza. Wengi hupaka na kufuta papo hapo, halafu wanaamini wameua vijidudu.

Sasa bei. Tunaambiwa wenzetu wanamaliza nyumba kwa nusu ya muda na kwa pesa kidogo. Ni kweli. Dawa kali inafanya haraka kile ambacho sabuni laini inafanya kwa subira na mikono, na muda huo ndio unaoulipia. Unalipia pia vitambaa: vya chooni haviingii jikoni hata siku moja, vina rangi yake. Vyote tunavifua bila dawa ya kulainisha nguo, maana inaziba nyuzi visinyonye tena. Hapo hatupunguzi bei.

Kama unataka kutumia huduma yetu mara chache zaidi, vueni viatu mlangoni. Uchafu mwingi wa sakafu huingia na soli. Kateni fulana kuukuu ziwe matambara badala ya karatasi za kufutia. Na msiweke dawa yoyote kwenye chupa ya soda, hata ile inayoitwa ya asili. Mtoto hasomi lebo.

Yule mama tulimrudia. Nilimpa kitambaa cheupe kilicholowa, nikamwomba afute chini ya meza popote anapotaka. Kilibaki cheupe.

Ukitupigia, tueleze kwanza umeshamwaga nini, hata kama unaona aibu. Yule baba wa godoro hakututajia klorini hadi tulipofika mlangoni.