Kabla ya kununua mswaki wa umeme, uliza vichwa vyake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wasomaji wa Kigoma Mjini, Ujiji, Kasulu na Kibondo kuhusu mswaki wa umeme. Unaonekana sasa madukani na katika mizigo ya ndugu wanaorudi kutoka nje, na swali linaloufuata ni lilelile: je, tuutupe huu wa buku tulionao?

Tuseme haki kwanza. Mswaki wa umeme husafisha zaidi. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 56, yalionyesha kwamba watu walioutumia kwa zaidi ya miezi mitatu walikuwa na ukoga, yaani utando laini wa meno, pungufu kwa asilimia 21, na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11, kuliko waliotumia mswaki wa mkono. Tofauti hiyo ipo. Lakini faida yake hupatikana kwa mswaki wenye chaji na kichwa kizima, unaotumika kila siku. Ukizimika mkononi na ukaendelea kuusugua hivyohivyo, ni mswaki wa mkono wenye kichwa kidogo na mpini mzito.

Wengi huununua kwa matumaini kwamba utaondoa ugaga, na hapo ndipo fedha inapopotea. Ukoga ni ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki. Huo mswaki wowote unautoa. Ukiachwa siku kadhaa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ugaga, mgumu kama chokaa iliyoshika ukuta. Chukua kioo utazame nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavuni wa magego ya juu. Ndipo unapojenga zaidi, kwa kuwa hapo jirani ndipo matundu ya tezi za mate yanapofungukia. Ugaga haung'oki kwa mswaki wa umeme, hata wa bei kubwa kiasi gani. Unakwanguliwa kwa vifaa na mtaalamu wa meno, kisha mswaki unaanza kulinda kilichosafishwa.

Kuhusu umeme wenyewe, hofu ya kwanza ni shoti. Mpini wa mswaki unaochajiwa juu ya kitako umezibwa kabisa. Nishati huingia kwa sumaku, kutoka koili iliyo ndani ya kitako cha chaja kwenda koili iliyo ndani ya mpini, bila waya kugusana na maji. Kitako chenyewe ndicho chenye waya wa ukutani, kwa hiyo kikae mbali na ndoo na sinki. Hofu ya pili ni umeme kukatika. Mswaki mzuri ukijazwa chaji hudumu wiki moja au mbili kwa dakika mbili asubuhi na mbili usiku, hivyo luku ikiisha jioni, meno yatapigwa mswaki usiku huohuo. Aliye kijijini Uvinza au Buhigwe atafute unaochajiwa kwa waya wa USB, maana huo unakubali sola na pawabenki.

Kinachounguza chaja ni volti. Soketi zetu ni za volti 230. Chaja nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinataka 120 tu, na ile adapta ya pini tatu inabadilisha pini, haibadilishi volti. Geuza chaja usome maandishi madogo chini yake: ukiona 100–240V, chomeka bila wasiwasi, ukiona 120V peke yake, usiichomeke, itaungua. Zinazotoka Uingereza zina pini mbili za soketi ya bafuni ya kule. Hizo adapta ya kawaida inazitosha, kwa kuwa volti zao zinalingana na zetu.

Miswaki ya umeme ya bei nafuu inayotumia betri za AA ina ubaya wake: betri ikichoka, mswaki unaendelea kunguruma wakati kichwa kimepunguza mwendo, na mtumiaji anadhani kazi inafanyika. Sauti ikianza kuzubaa, badilisha betri siku hiyo.

Lakini kwa hapa Kigoma, umeme si kikwazo kikubwa kama vichwa. Nyuzi huchoka baada ya miezi mitatu au minne, ziwe za mswaki wa mkono au wa umeme. Familia ya watu watano inaweza kuchangia mpini mmoja, lakini kila mtu lazima awe na kichwa chake, na hiyo ni vichwa kumi na vitano hadi ishirini kwa mwaka. Kabla hujalipa, muulize mwenye duka: vichwa vya mswaki huu unavyo, na vitakuwepo baada ya miezi minne? Kichwa cha kampuni moja hakiingii mpini wa nyingine. Vya kuiga huingia kwa kulegea. Kishike kwa vidole ukitikise: kikicheza na kugonga, usikitie mdomoni, kwa sababu kinaweza kuchomoka wakati mashine inazunguka na kuchubua fizi. Mtu anayebaki na kichwa kimoja mwaka mzima, nyuzi zikatawanyika kama ufagio uliochakaa, angenufaika zaidi na miswaki minne mipya ya mkono.

Jambo dogo lakini la muhimu: kila wiki vua kichwa, uoshe kile chuma kinachotokeza juu ya mpini, ukikaushe. Maji na mabaki ya dawa hujikusanya hapo yakawa ute mweusi, na ute huo hurudi mdomoni.

Matumizi nayo yana makosa yake. Mswaki wa umeme hausuguliwi. Paka dawa, uingize mdomoni, ndipo uuwashe, la sivyo dawa yote itarukia kioo. Uegemeze kwenye jino moja, mahali jino linapokutana na fizi, usubiri sekunde mbili au tatu, kisha usogee jino linalofuata. Mingi husita kidogo kila baada ya sekunde 30 kukuarifu uhamie robo nyingine ya kinywa. Ukiusukuma mbele na nyuma kama unasugua sufuria, unaruka meno na kukwaruza fizi.

Kwa mswaki wa mkono, chagua wenye nyuzi laini na kichwa kifupi, kisichozidi sentimita tatu, ili ufike nyuma ya gego la mwisho. Huko mwisho usipanue mdomo sana. Ufunge nusu, shavu lilegee, mswaki upite. Ulaze nyuzi kwa mshazari, nusu ya pembe ya mraba, yaani digrii 45, ncha zikiwa zimeelekea kwenye fizi. Utikise hapohapo kwa mwendo mfupi kama mara kumi, ukishika meno mawili au matatu, kisha ufagie kuelekea ncha ya jino. Nyuma ya meno ya mbele simamisha mswaki wima utumie ncha yake. Anza na pale unapopasahau, ambapo kwa wengi ni upande wa ulimi wa magego ya chini, kwa sababu mkono huchoka na dawa hujaa mdomoni kabla ya kufika huko. Dakika mbili kamili, kwa saa ya simu.

Nguvu ndiyo inayoharibu. Ganzi ya maji baridi kwa mtu asiye na jino bovu mara nyingi hutokana na kusugua kwa nguvu: fizi hujivuta kuelekea mzizi, shingo ya jino hubaki wazi, na sehemu hiyo ni laini kuliko ganda la juu la jino. Kama una mzani wa jikoni, weka mswaki juu yake ubonyeze mpaka usome gramu 150. Ni uzito wa chungwa la wastani. Wengi wakijaribu hushangaa jinsi nguvu hiyo ilivyo ndogo. Ndiyo maana tunaipenda miswaki ya umeme yenye taa nyekundu ya kuonya unapobonyeza kupita kiasi. Kwa anayekandamiza, taa hiyo peke yake inastahili bei. Mkaa wa kusaga, majivu na mchanga, hata kwa mswaki wa mkono, ni msasa. Juu ya mswaki wa umeme ni hatari zaidi.

Wapo ambao tungewashauri waununue bila kusita kama uwezo upo: mzee ambaye kiharusi kimemwachia mkono mmoja dhaifu, mwenye baridi yabisi ya vidole, mtoto mwenye ulemavu anayepigwa mswaki na mlezi, na aliyefungwa waya wa kunyoosha meno. Kama uwezo haupo, zungushia mpini wa mswaki wa kawaida kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka unene ujaze kiganja. Mkono usioweza kufumba vizuri utaushika.

Anayetumia kijiti cha mti wa mswaki aendelee, ila ajue nyuzi zake zimeelekea mbele kama mpini, tofauti na za mswaki wa dukani, hivyo upande wa ndani wa meno unataka subira. Akate ncha iliyotumika na kutafuna mpya kila siku.

Dawa iwe na floraidi, kati ya 1,000 na 1,500 ppm (sehemu kwa milioni); imeandikwa kwenye tyubu. Mtoto chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere. Ukimaliza, tema bila kusukutua kwa maji mengi, dawa ibaki ikifanya kazi usiku. Baada ya embe, ukwaju au soda, ngoja nusu saa kwanza. Katikati ya meno haufiki mswaki wowote. Hapo tumia uzi wa meno.

Fizi zikitoka damu, usiache kupiga mswaki. Piga kwa upole palepale panapotoka. Wiki mbili zikipita na damu haijakoma, nenda ukaonwe.

Wenye maduka Mwanga, Kibirizi na Ujiji, tunawaomba: kwa kila mswaki wa umeme mnaoagiza, agizeni na vichwa vyake vinne, na katika boksi la miswaki ya mkono ulizeni yenye nyuzi laini.

Matabibu wa kinywa na meno,
Kigoma