Vifupisho vya viwanda vya dawa vifafanuliwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero ambayo wasiofanya kazi viwandani huenda hawaijui, nayo ni lugha ya vifupisho inayotawala utengenezaji wa dawa za kibayoteknolojia, yaani zile zinazotokana na viumbe hai kama bakteria, hamira au seli za wanyama. Insulini ya binadamu iliyotengenezwa kwa bakteria iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, na tangu hapo istilahi za fani hii zimekuwa zikizaliwa kwa kasi inayotushinda sisi tunaozitafsiri. Mimi ni mfasiri wa nyaraka. Huletewa miongozo ya kazi na vitini vya mafunzo nivitie katika Kiswahili kitakachosomwa na watu wanaosimama mbele ya mitambo.

Wiki chache zilizopita nililetewa kitini kilichokwisha kutafsiriwa na mtu mwingine, nikaombwa nikihakiki tu. Ukurasa wa tatu ulikuwa na kichwa cha habari “Utamaduni wa Seli”. Mwenzangu alikuta neno la Kiingereza “culture”, lenye maana zaidi ya moja, akachukua ile iliyotangulia kwenye kamusi, ilhali seli hazina ngoma wala jando. Hukuzwa tu ndani ya tangi lenye chakula, hewa na joto linalodhibitiwa. Chini yake palikuwa na “Benki Kuu ya Seli”, na mkazi yeyote wa Dar es Salaam akisikia Benki Kuu fikra zake zitakwenda Mtaa wa Mirambo. Kinachozungumzwa ni vichupa vya seli za asili, vilivyogandishwa kwa naitrojeni kimiminika, ambavyo kila toleo la dawa, yaani kila fungu linalotengenezwa kwa mkupuo mmoja, huanzia humo. Mkulima yeyote angekiita kitu hicho mbegu mama, nami ndivyo nilivyoandika.

Kwa kweli fani hii yenyewe imeazima mengi shambani na mtoni. Kuna mbegu, kuna kukuza, kuna kuvuna, na mchakato mzima hugawanywa kama mto: sehemu ya juu ni ya kukuza seli, sehemu ya chini ni ya kuchuja na kusafisha protini iliyovunwa. Mtu aliyekulia kando ya Rufiji au Ruvu haelezwi mara mbili. Tatizo huanza pale picha hiyo nzuri inapobanwa kuwa herufi tatu, USP, ambazo humaanisha hatua za sehemu ya juu, na papo hapo ni jina la kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1820. Nimewahi kumkuta fundi, tena mzoefu, akikataa kutumia chumvi iliyoandikwa USP katika chumba cha kusafishia protini, kwa kuwa alijua hakika kwamba USP ni kile chumba kingine, cha kukuzia seli. Hakuwa mjinga, alisoma alichofundishwa.

CPP nayo iko hivyohivyo. Kwa mtu wa mitambo ni kipimo nyeti cha mchakato, kama vile joto au kiwango cha asidi, ambacho kikiyumba ubora wa dawa huyumba nacho. Kwa mtu wa usajili ni cheti cha bidhaa ya dawa kinachotolewa na mamlaka ya nchi inakotoka. Sitasema mengi kuhusu CHO, seli za ovari ya hamsta wa China ambazo kingamwili nyingi za tiba hutengenezwa kwazo, ila atakayezisoma kwa mkato mbele ya darasa la Waswahili ajiandae kwa vicheko, maana watasikia choo. Neno “tasa” pia, tunaloliandika kwa maana ya kitu kisicho na vijidudu, halikai vizuri masikioni mwa mama aliyehangaika kupata mtoto. Naona heri tuandike “kisicho na vijidudu” kwa kirefu.

Sidai kila kifupisho kipewe pacha wa Kiswahili. UKIMWI, VVU na UVIKO-19 vimeshika kwa sababu vilikuwa midomoni mwa umma, lakini nyaraka za kiwanda husomwa pia na wakaguzi wa nje, na kuwabunia herufi mpya ni kuongeza giza. Ninachodai ni kwamba kila kifupisho kifafanuliwe kwa Kiswahili kamili mara ya kwanza kinapotokea katika waraka, na kile chenye maana mbili kiruhusiwe maana moja tu kiwandani. Fundi huweka saini yake kwenye kumbukumbu za toleo, hatua kwa hatua, akithibitisha kwamba alichoagizwa ndicho alichofanya; kumtaka asaini herufi asizozielewa ni kumbebesha dhamana isiyo yake.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hutumia neno “toleo” katika matangazo yake kwa umma, huku viwandani watu wakisema “bechi”, na hakuna anayepotea, kwa kuwa maneno yote mawili yamezoeleka. Basi Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na wataalamu wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakae na Mamlaka hiyo, na wawaite mafundi wenyewe, si wakuu wao peke yao, waanze na maneno machache yanayotumika kila zamu: maji ya sindano, mavuno, kimeng'enya, kilicho nje ya viwango. Ninayo orodha ya vifupisho 43 niliyoikusanya kazini, pamoja na maana zinazogongana, na niko tayari kuikabidhi bila malipo kwa yeyote kati yao atakayeihitaji.

Mfasiri wa nyaraka,
Ubungo, Dar es Salaam