Kadi ya wenzako

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila nyumba imepooza tangu bibi yako atutoke.

Uliniambia kwenye simu kuwa wenzako kazini huko Leeds wamekupa kadi ya "sorry for your loss", yaani pole kwa kupotelewa, nawe ukaghadhibika: "Baba, kwani bibi ni mwavuli niliousahau kwenye basi?" Nilicheka. Usiku usingizi ukanipaa. Miaka 30 nimefundisha Kiingereza hapa Tanga, na hilo sikuwahi kumweleza mwanafunzi hata mmoja.

"Sorry" asili yake ni "sar" la Kiingereza cha kale, ambalo leo ni "sore", maumivu. Wengi hudhani limezaliwa na "sorrow". Wapi! Yamekaa mtaa mmoja mpaka yakafanana sura, basi. Aliyekupa "sorry" ni kama amesema, "nami naumwa." Na "loss" enzi hizo lilikuwa "los", yaani maangamizi. Mwavuli haumo.

Lililonikaba mimi ni "bereaved", aliyefiwa. Shina lake ni kupora. Sisi husema tumefiwa: aliyekufa ni yeye, ila kifo kimetuangukia sisi. Waingereza wa kale waliona nyumba imevamiwa. Mungu anisamehe, najua kachukua kilicho chake, lakini nikiukuta mkeka wa mama uani, mtupu, neno lao ndilo linalonijia.

Ukitaka kuwasifu wenzako kwa wema wao, "nice" usijisumbue nalo. Limetoka Kilatini, "nescius", asiyejua, na zamani ukimwita mtu hivyo umemwita mjinga. (Usimwambie mkuu wako.) Shika "kind". Hilo ni damu moja na "kin", jamaa. Mwanzoni lilihusu asili na nasaba, ndipo likaja kuwa wema, ule ambao mtu humfanyia wa kwao bila kuombwa. Yule mama aliyekushikia zamu ya usiku ili ukae ulie, hakuzaliwa nawe, hata jina la bibi yako halijui. Mpelekee salamu zangu, umwambie baba yako ameshukuru.

Kanga ya bibi uliyoiomba nimempa jirani anayesafiri Ijumaa. Mama yako alitaka kuifua kwanza, nikamkatalia.

Baba yako