Kwa walioanza haidroksiurea, dawa ya ugonjwa wa selimundu (sickle cell)

Wapendwa, habari za jioni. Kadhaa mmeniandikia pembeni kuhusu kucha kuingia mistari myeusi. Ni dawa inayofanya hivyo; mistari hiyo haina madhara, tafadhali msiache dawa kwa ajili hiyo. Nafuu ya maumivu ya selimundu huja polepole, baada ya miezi. Kichefuchefu kikikusumbua, muulize daktari kama unaweza kumeza usiku unapokwenda kulala.

Ninachowasihi sana ni kipimo cha damu. Dawa hii hushusha chembe nyeupe za damu, zinazotukinga na maambukizi, nawe huwezi kulijua hilo kwa kujisikia tu. Na homa ikifika 38, usimeze panadoli ukalala: nenda hospitali usiku huohuo. Mnaopanga kupata mtoto, wake kwa waume, zungumzeni na daktari kwanza.