Matembezi ya Jumamosi si mashindano

Mhariri,

Watu wengi wakisikia matembezi ya mashambani hufikiria zoezi la kupunguza kilo. Sisi marafiki watano hutoka kila Jumamosi asubuhi, na kilo hazijawahi kuwa hoja. Kinachotutoa nyumbani ni maongezi. Mkitembea bega kwa bega, macho yakiwa njiani, mtu husema mambo ambayo asingethubutu kuyatamka mkiwa mmetazamana mezani. Na kimya kikija hakimkeri yeyote; kuna ndege, kuna upepo.

Afya nayo hufaidika, sikatai. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo humo.

Wanaoanza hukosea kwenye muda. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Ongezeni muda wa kupumzika, na wa yule rafiki anayesimama kupiga picha kila ua (hakuna kundi lisilo naye). Mwendo uwe wa aliye nyuma kabisa. Tena akiwafikia mlipoketi, msiinuke papo hapo. Naye ana miguu inayochoka.

Mtembeaji wa Jumamosi